Kabla hujazima draivu iliyo mwisho wa laini

Usiku ule iliyokufa ilikuwa draivu moja tu (kifaa kinachoendesha mota na kudhibiti kasi yake), ya mkanda wa mwisho kwenye laini ya kupakia magunia, na shifti ilikuwa yangu. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nikazima breka yake ya umeme, nikaweka kufuli, nikasubiri kapasita zimwage umeme, kisha nikapima kwa mita mpaka volti zikaisha kabisa. Sijafungua hata skrubu moja, mwendesha mitambo akanipigia simu: mikanda mingine mitatu imesimama na PLC, yaani kompyuta inayoongoza mitambo, inalia kwamba haioni draivu zake. Zikarudi, zikapotea tena. Zilipita zaidi ya saa mbili kabla sijaelewa kwamba hitilafu hiyo ya pili nilikuwa nimeileta mimi kwa kuzima ile breka.

Mtandao wetu unaounganisha PLC na draivu ni PROFIBUS DP, ile kebo ya zambarau yenye nyaya mbili ndani, wa kijani na mwekundu. Mawimbi yanayopita humo yakifika kwenye ncha iliyo wazi hugonga na kurudi, kama sauti inavyorudi kutoka ukutani, na yakirudi huharibu ujumbe unaokuja nyuma yake. Ndiyo maana kila ncha ya laini hii ya kebo hufungwa rezista: omu 220 kati ya nyaya mbili, na omu 390 kila upande kwenda kwenye volti 5 na kwenye sifuri yake. Rezista hizo zimo ndani ya plagi, unaziwasha kwa kile kiswichi kidogo cha mgongoni. Jambo ambalo sikuwa nimelitilia maanani ni kwamba hizo volti 5 zinatoka kwenye kifaa ambacho plagi imechomekwa. Draivu yangu ilikuwa imeungua upande wa nguvu, lakini kadi yake ya mawasiliano ilikuwa hai na ndiyo iliyokuwa inalisha ncha ya laini. Nilipoizima, kiswichi kilibaki kimewashwa, ila rezista hazikuwa tena na umeme.

Draivu ya katikati unaweza kuizima na wenzake wasijue, mradi plagi yenyewe usiiondoe kwenye kebo. Ya mwisho ni habari nyingine. Kwa hiyo fundi mwenzangu, swali la kwanza kabla ya kugusa breka liwe hili: draivu hii imekaa wapi kwenye laini? Usiamini mpangilio wa paneli, maana kebo haifuati mpangilio wa macho yako. Fungua kifuniko uangalie plagi. Kama ina kebo moja tu na kiswichi kimewashwa, uko kwenye ncha.

Kiswichi hicho kina tabia nyingine inayosumbua watu. Kwenye plagi nyingi, ukikiwasha kinakata kebo inayotoka kwenda mbele. Nimewahi kumkuta kijana amekiwasha kwenye draivu ya katikati akidhani anaiwezesha, na vifaa vyote vya mbele yake vikatoweka.

Ukishuku rezista, zima vifaa vyote, chomoa plagi zote, kisha pima kati ya pini ya 3 na ya 8 za plagi. Ukipata karibu omu 110, ncha zote mbili zimefungwa. Ukipata 220, moja imekosekana. Ukipata chini sana ya 110, kuna kiswichi cha tatu kimewashwa kwenye plagi isiyokata kebo, au nyaya zimegusana. Kipimo hiki cha dakika chache kingeniokolea muda mwingi siku nyingine nilizokimbilia kubadilisha kadi ambazo hazikuwa na kosa.

Draivu mpya nayo usiifunge ikiwa na anwani iliyotoka nayo dukani. Anwani ya 126 imetengwa kwa kifaa ambacho bado hakijapewa ya kwake, kwa hiyo PLC haitaongea nayo kikazi. Hatari kubwa zaidi ni kuchukua spea iliyowahi kutumika kwenye mkanda mwingine ikiwa bado na anwani ya zamani: vifaa viwili vikijibu kwa anwani moja, vyote viwili vitayumba. Tena draivu nyingi hazisomi anwani mpya mpaka uzime umeme wa kadi ya udhibiti na kuuwasha upya.

Kasi ya mtandao draivu huitambua yenyewe. Aina ya telegramu, yaani mpangilio wa data inayopokezana na PLC, mara nyingi haiitambui. PLC ikitarajia maneno sita na draivu imewekewa mawili, utaiona kwenye orodha lakini itakataa kazi. Kuna pia suala la amri ya kuwasha. Kwenye draivu zinazofuata PROFIdrive, kiwango cha amri za draivu, PLC hutuma namba ya amri 047E (jiandae) kwanza, ndipo 047F (washa). Ikituma 047F moja kwa moja, draivu hukaa kimya ikiwa nzima kabisa, na mafundi huirudisha stoo wakisema ni mbovu.

Mengine unayajua: nakili vigezo kwa kipedi cha draivu ya zamani kama bado kinawaka, linganisha ampea na hezi na kibati cha mota, jaribu mzunguko kabla ya kufunga mkanda. Ila kigezo kimoja nakuomba usikipite: draivu ifanye nini mawasiliano yakikatika? Isimame, au iendelee na kasi ya mwisho? Kaa na watu wa uzalishaji mkubaliane, kwa sababu mkanda unaoendelea kumwaga magunia wakati mwenzake wa mbele amesimama unaweza kumvunja mtu mguu.

Baada ya usiku ule niliomba tununue kisanduku cha rezista kinachojitegemea, chenye umeme wake wa volti 24, tukakifunga mwisho wa kebo. Sasa hakuna draivu inayobeba ncha ya laini. Ile ya mkanda wa mwisho imeshabadilishwa tena tangu hapo, saa nne asubuhi, na mikanda mingine haikusimama.