Mama mnoko ana faida yake

Mzazi akiitwa shuleni kwa utovu wa nidhamu wa mwanawe, kauli ya kwanza huwa ni hii: "Mwanangu kaharibiwa na marafiki." Mimi ni mwalimu wa malezi sekondari, na mzazi wa huyo rafiki akija kesho yake husema hayohayo, tena kwa machozi.

Nguvu ya rika ipo, sibishi. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walipocheza na wenzao pembeni, walijitia hatarini karibu mara mbili kuliko walipokuwa peke yao. Watu wazima hawakubadilika. Tazama bodaboda za saa za kutoka shule: mwanafunzi akiwa peke yake hukaa ametulia, begi mapajani. Wakipanda mshikaki, wa nyuma kaachia mikono na wa kati anarekodi.

Ila kundi halimwokoti mtoto barabarani. Mtoro huwatafuta watoro wenzake, nao hujuana haraka ajabu. Ndiyo maana kumhamisha shule mara nyingi ni kupoteza nauli. Baba mmoja alimpeleka kijana wake mkoa mwingine kabisa. Muhula haujaisha, kijana keshapata kijiwe kipya.

Kuliko kumkataza rafiki, mwongezee kundi la pili: timu ya netiboli, kwaya, madrasa, binamu zake. Mwenye pa kwenda kwingine haogopi sana kutengwa na hawa. Na hao usiowapenda waache waje kwako. Wapikie. Wakishashiba ugali wataongea mbele yako mambo ambayo mwanao asingekwambia hata kwa viboko.

Halafu mpe kisingizio. Kijana anaweza kutaka kuondoka mahali na akashindwa, maana ataonekana mwoga. Mimi na binti yangu wa kidato cha tatu tulikubaliana: akiniandikia "paka kala?" napiga simu papo hapo na kufoka kwa sauti ya kusikika na wote, arudi nyumbani sasa hivi. Paka wenyewe hatufugi. Yeye anaondoka kanuna, na wenzake wanampa pole kwa kuwa na mama mnoko kiasi hicho.