Mwenyekiti wa halmashauri akija kwenye kata, mbane kwenye yapi?

Mkuu, umeuliza mbona mwenyekiti wa halmashauri yenu kila siku yuko kwenye ziara anasalimia watu na barabara bado mashimo matupu. Iko hivi, huyo ni diwani kama madiwani wengine, wenzake ndo wamemchagua aongoze baraza, hela hasaini yeye, anayesaini ni mkurugenzi ambaye anateuliwa na rais. Halafu barabara za wilaya ziko TARURA (wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini) tangu 2017, maji vijijini yako RUWASA (wakala wa serikali wa maji) tangu 2019, kwahiyo hapo hata akiunguruma vipi kwenye mkutano anachoweza ni kuwabana mameneja wao tu na kupeleka vipaumbele vyenu.

Ila usimwachie kirahisi!! Mapato ya ndani ya halmashauri yanapitishwa kwenye bajeti na baraza lake, we muulize zahanati ile ambayo boma limesimama bila paa imetengewa shingapi mwaka huu, na ile mikopo ya asilimia 10 ya hayo mapato (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) ni vikundi gani vya kata yenu vimepata, hapo utaona kama alikuja kusikiliza au kupiga picha. Na hoja msingoje ziara jamani, ipitisheni mkutano mkuu wa kijiji, iingie kamati ya maendeleo ya kata ambayo diwani wenu ndo mwenyekiti wake, ikifika baraza inakuwa kwenye muhtasari na mtu atatakiwa kujibu. Baraza hukaa kila robo mwaka, nendeni mkasikilize, wananchi mnaruhusiwa.