Nakala ya Juan Gris: mwombe muuzaji aigeuze

SWALI: Ndugu wahariri, natafuta nakala yenye fremu ya mchoro wa Juan Gris, mchoraji wa Uhispania, ule wa meza yenye kitambaa cha drafti, zabibu na chupa. Wauzaji wawili wananipa saizi ya sentimita 50 kwa 70, ila bei ya mmoja ni mara tatu ya mwenzake. Nyumba yangu iko karibu na bahari. Nitajuaje iliyo bora? Msomaji, Tanga

JIBU: Anza na futi kamba. Mchoro wenyewe, wa mwaka 1915, uko Metropolitan Museum of Art, New York, na kimo chake ni sentimita 116.5 kwa upana wa 89.2. Ukiupa kimo cha 70, upana wake lazima ufike karibu 53.6. Kwa hiyo nakala inayojaza fremu ya 50 kwa 70 bila pambizo imekatwa au imebanwa. Kwa kazi hii hiyo ni hasara kubwa, maana Gris alificha humo kichwa cha fahali: kikombe cha chini ndicho pua, ukingo wa gitaa ndio pembe. Agiza picha ya 40 kwa 52 ndani ya fremu hiyohiyo, ibaki pambizo ya sentimita 5 kila upande, 9 juu na 9 chini. Kwa saizi hiyo faili liwe na pikseli zipatazo 4,700 kwa 6,100, la sivyo miraba ya drafti itachapwa na kingo zenye ukungu.

Karatasi iwe ya pamba isiyo na asidi, gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, na wino uwe wa pigmenti, yaani wenye chembe ndogo za rangi. Wino wa kawaida hupauka upesi kwenye mwanga. Tazama pia sehemu zenye giza: nakala hafifu huzigeuza zote doa moja jeusi.

Sasa mwombe muuzaji picha ya mgongo wa fremu. Hapo ndipo bei mbili hizo hutengana, hasa kwa mtu wa pwani. Karatasi hutanuka kwa unyevu. Ikigundishwa pande zote nne hujikunja mawimbi. Inatakiwa ishikwe juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani, iliyo nyembamba lakini imara, na gundi ya wanga wa ngano, kamwe si selotepu, ambayo huacha madoa ya manjano. Kati ya picha na kioo iwepo kadibodi ya pambizo ya milimita 2 au zaidi, nayo isiwe na asidi. Picha inayogusa kioo hunata, na ukijaribu kuibandua wino hubaki kwenye kioo. Fremu ya mbao ngumu au alumini inafaa. Ya maranda yaliyoshindiliwa huvimba pembeni. Kioo kinachozuia mionzi ya urujuanimno kinastahili gharama yake, ingawa hata hicho hakiruhusu kutundika mkabala na dirisha la jua.

Ukiambiwa nakala imesainiwa na msanii kwa mkono, usiongeze hata shilingi: Gris alifariki 1927.

Ukutani, bandika vipira vya milimita 5 kwenye pembe mbili za chini ili hewa ipite nyuma, na tumia ndoano za chuma kisichoshika kutu.