Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Nilimshukuru Fundi wa Pinde

Arua

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama, nami nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Unauliza kwa nini, baada ya kummalizia fundi wa pinde bei tuliyopatana, nilipanda bodaboda juma lililofuata nikampelekea shilingi 30,000 nyingine, na kwa nini tangu hapo sikai na watu bila kumtaja. Umeandika: "Baba, kusema kweli si wajibu wa kila fundi? Mtu anashukuriwaje kwa kutodanganya?" Swali lako ni la haki, na sitalijibu kwa mkato.

Kwanza uelewe upinde ni kitu cha namna gani. Ukinunua kiti, utakikalia papo hapo kwa muuzaji. Ukinunua sufuria, utaigonga usikie inavyolia. Upinde hautoi siri yake kwa urahisi huo. Unapouvuta, upande unaoelekea shabaha hunyooshwa na upande unaokuelekea wewe hubanwa, na mti uleule mmoja hubeba kazi hizo mbili kwa wakati mmoja. Ukiwa na kasoro, unaweza kustahimili mara mia, halafu ukakatika siku ambayo umeuvuta hadi kidevuni, na vipande vikarukia kichwa chako. Kovu lililo juu ya nyusi ya kaka yako unalijua. Upinde ule niliununua Kampala kwa mchuuzi mmoja, ulikuwa umepakwa vanishi ukang'aa kama meza ya wageni, na chini ya vanishi hiyo aliyeuchonga alikuwa amepitisha randa upande wa nje, ule unaoelekea shabaha, akakata nyuzi za mti. Mara ya tatu kuvutwa, kibanzi kikainuka, na upinde wote ukafuata. Sikurudi kumtafuta, ila nilijilaumu kwa kumpa mtoto kitu ambacho sikuwa na uwezo wa kukikagua.

Fundi ninayemshukuru, mzee anayekaa kando ya barabara ya Koboko, hakuniuliza nina pesa kiasi gani. Aliniuliza upinde nitautumia wapi. Nilimwambia kwamba nimestaafu jeshi, kwamba nataka kulenga shabaha ya majani makavu nyuma ya nyumba, wala sina nia ya kuwinda. Akasema ni vizuri, kwa sababu kuwinda bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, naye hataki kazi ya mikono yake ikamatwe porini. Kisha alinipa kamba niivute kama ninavyovuta upinde, akapima kutoka ngumi ya kushoto hadi kidevuni pangu, akapata inchi 27, akaandika kwa mkaa ukutani. Alinieleza kwamba kwa kipimo hicho upinde usipungue sana kimo changu, maana upinde mfupi ukilazimishwa kuvutwa mbali huvunjika. Tukapatana shilingi 120,000, nikatoa 40,000 za kutangulia.

Mti wake ni mkole. Hukata fimbo iliyonyooka, huondoa gamba polepole kwa kisu butu ili asijeruhi mti ulio chini yake, hupaka nta kwenye ncha zote mbili ili zisipasuke zinapokauka, kisha huiweka darini juu ya jiko. Miti yetu ya nchi za joto mara nyingi haina pete za ukuaji zinazoonekana wazi, kwa hiyo fundi hana mstari wa kufuata upande wa nje. Usalama wake ni kuuacha upande huo kama alivyoukuta chini ya gamba. Kazi yote ya tezo, kisu na kipande cha chupa iko upande wa ndani. Hukwangua kidogo, hupinda, hutazama kama sehemu ya juu na ya chini zinakunjika sawasawa, hukwangua tena. Nilikaa naye saa nzima siku moja, na katika saa hiyo aliondoa unga wa mti usiojaza kiganja.

Niliporudi baada ya majuma sita, upinde ulikuwa umening'inia kando ya mlango, umekwisha kupakwa mafuta, na nakuambia ulikuwa mzuri kuliko upinde wowote niliowahi kuushika. Nilinyoosha mkono. Akaniambia, "Afande, huo sikuuzii." Akautoa nje kwenye jua, akaufunga upote, yaani kamba yake, akaupinda kidogo, akaniambia nipitishe ukucha wa kidole gumba upande wa ndani, juu kidogo ya kishikio. Ukucha ulikwama. Nilipoinamisha macho niliona mistari mitatu myembamba iliyokata mti kwa upana, midogo kama makunyanzi ya pembe ya jicho. Alisema kwamba hapo alikwangua kupita kiasi, sehemu hiyo ikawa inapinda kuliko nyingine, na mti ukaanza kusagika ndani kwa ndani. "Kosa ni langu, si la mti," alisema. "Utakufaa mwezi mmoja, pengine mitatu, kisha utakunjikia hapa." Akanipa nafasi nichague: nirudishiwe zile 40,000, au ningojee afanye mwingine.

Hapo ndipo jibu la swali lako lilipo, mwanangu. Nta ilikuwa karibu na mkono wake, mafuta yalikuwa karibu, na mistari ile ingezibwa kwa muda mfupi kuliko huu ninaotumia kukusimulia. Mimi ningeondoka nikifurahi. Na kama upinde ungevunjika baadaye, nisingemlaumu, kwa sababu fundi wa pinde ana kisingizio ambacho mafundi wengi hawana: ukiachia upote bila mshale, nguvu yote hurudi ndani ya mti, na hata upinde mzima unaweza kupasuka kwa namna hiyo. Ningerudi kwake na vipande, angeniuliza kama kuna mtoto aliyeuchezea, nami ningekumbuka wajukuu wangu na kunyamaza. Angenidanganya, na lawama ningejibebesha mwenyewe.

Kwa hiyo sikubaliani nawe kwamba alitimiza wajibu tu, ingawa wajibu ulikuwa ndani yake. Mwenye duka anayekurudishia chenji kamili ametimiza wajibu, na wewe unahesabu mbele yake. Huyu alikuwa peke yake na kasoro yake, hakuna wa kuhesabu, na aliitaja kabla mimi sijajua kwamba kuna kitu cha kuuliza. Kusema kwake kulimgharimu mti aliokuwa ameukausha muda mrefu na majuma sita ya kazi. Mtu aliyekubali hasara hiyo kwa ajili ya macho yangu na ya mjukuu wangu siwezi kumpa mkono, kumwambia asante, na kuishia hapo.

Upinde wa pili ulichukua majuma kumi. Nilikuwa nimeagiza wa nguvu ya kilo 20. Alipoumaliza aliutundika kwenye kigingi, akaning'iniza upoteni ile mizani ya ndoana wanayopimia nyama, akavuta mpaka kwenye alama ya inchi 27, akaniita nisome mwenyewe: kilo 17. Akasema, "Nimekosa kilo tatu, kwa sababu nilipofika penye fundo niliogopa kuacha mti mnene." Tena akapunguza shilingi 10,000 katika bei bila kuombwa. Nilizikubali siku ile kwa kuwa nilimwona amekwisha kuamua, na kumbishia mbele ya mwanawe kungemvunjia heshima.

Zile 30,000 nilizompelekea, basi, usizihesabu kuwa bei ya ukweli wake. Ukweli haununuliwi, na ningemtukana kama ningeupangia bei. Nilimlipa mti wa kwanza. Kosa lilikuwa lake, naam, lakini faida ya kulikiri ilikuwa yangu, na niliona si haki hasara yote ibaki kwake. Nilimweleza hivyo kwa maneno hayahaya, akafikiri kidogo, akazipokea.

Kuhusu kumtaja kwa watu, ninajilazimisha kuwa mwangalifu kama yeye. Simwambii mtu kwamba ni fundi bora kuliko wote, kwa sababu sijawaona wote. Nasema alinionyesha kasoro ambayo nisingeiona, na alinisomesha mizani. Nasema pia kwamba ni mwepesi wa kusema na mzito wa kumaliza, kwamba tarehe yake usiitegemee, na kwamba vishikio vyake vya ngozi havina urembo. Nikimsifu kwa chumvi, anayekuja kwake atatarajia asichokipata, na aibu itakuwa ya fundi.

Tena kuna sehemu yangu. Kila jioni nikimaliza, naulegeza upote ili mti upumzike, naukausha kwa kitambaa kama kuna unyevu, naulaza juu ya vigingi viwili mbali na jiko. Wajukuu wamekatazwa kabisa kuuvuta bila mshale. Upinde huu ukivunjika kwa uzembe wetu, nitakwenda kumwambia hivyo mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Umeuliza mwishoni kama anaweza kumchongea mtoto wako upinde mdogo kabla ya likizo ya Desemba. Nilimwuliza juzi, akasema hataahidi Desemba, na hataanza chochote bila kipimo cha mtoto. Mpe kijana kamba ashike kwa mkono wa kushoto ulionyooka, aivute kwa mkono wa kulia mpaka chini ya kidevu, upime kutoka ngumi hadi kidevu, na uniandikie inchi ulizopata bila kuongeza hata moja kwa kudhani atakua. Fundi amesema akikua atachonga mwingine.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako.