Trip, journey, travel: si zote safari tu?

SWALI: Shikamoo ticha. Mi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni mlimani huku Moshi, sasa nataka kuomba kazi ya kuongoza watalii. Tunabishana na wenzangu, wao wanasema trip, journey na travel zote ni safari so weka yoyote, mgeni akitua KIA muulize tu "how was your travel". Ni sawa kweli? Mgumu, Moshi

JIBU: Marahaba mgumu wetu. Mgeni atakuelewa ila hiyo "your travel" hapo imekaa vibaya, maana travel kazi yake kubwa ni kitenzi, kusafiri, na ikiwa nomino ni kusafiri kwa ujumla, haihesabiki, ndo maana husikii "a travel". Akitua sema "how was your journey" au "how was your trip", zote zinaenda. Tofauti yake sasa, journey inaangalia ile njia, kutoka huku mpaka kule, na mara nyingi ni ndefu, yaani ndege ilichelewa, kalala kwenye viti, hiyo ndo journey. Trip ni kwenda na kurudi na yote uliyofanya huko, mkienda Chemka kuoga mkarudi jioni hiyo ni trip, ukiita journey watu watashangaa mmepitia wapi.

Voyage iache, hiyo ni ya meli au anga za juu, sio ya Coaster ya Moshi Arusha. Ya mlimani kwa miguu siku kadhaa, mfano kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame siku 6 au 7, ni trek, neno ambalo Waingereza wamelitoa kwa Makaburu wa Afrika Kusini.

Halafu kuna safari yenyewe, hapa ndo wengi wanachanganya. Wamelichukua kwetu wakalibana, kwao siku hizi safari ni kwenda kuangalia wanyama, so ukimwambia bosi kwenye intavyuu "tomorrow I have a safari to Dar" mgeni aliyekaa pembeni atakuuliza Dar kuna tembo? Hapo sema trip. Ila Tarangire au Ngorongoro, safari ruksa kabisa.

Na mkifika Barranco, ule ukuta wa miamba huko mlimani, ukimsikia gaidi (guide, muongoza watalii) anamwambia mgeni "don't trip" usidhani anamkataza kusafiri, hiyo trip ya kitenzi ni kujikwaa.