Moramu Iishe, Shamba Libaki

SWALI: Nina nusu ekari ya mwinuko, mita 40 kwa 50, hapa Busia, Uganda. Kontrakta wa barabara anataka kuchimba moramu, ile changarawe nyekundu ya barabara. Amekadiria mita za ujazo 4,000. Akimaliza nataka kulima tena. Tukubaliane nini?

JIBU: Hesabu hiyo usiipokee. Amezidisha mita za mraba 2,000 kwa unene wa moramu wa mita 2, kana kwamba kuta zitasimama wima mpaka kwa jirani. Kuta hizo mvua itazibomoa, na shamba la jirani litafuata.

Acha mita 5 pande zote. Utabaki na 30 kwa 40. Kuta zilazwe: kila mita 1 ya kina, mita 3 za mlalo. Kwa kina cha mita 2.5 (udongo nusu mita, kisha moramu), sakafu itakuwa mita 15 kwa 25, na moramu karibu mita za ujazo 1,300. Ikichimbuliwa huvimba kama moja ya tano, yaani lori 310 hivi za mita za ujazo 5. Hakikisha unene kwa mashimo ya majaribio kila baada ya mita 15, msimu wa mvua. Ukifikia maji, sakafu ya machimbo iishie angalau mita 1 juu yake.

Jambo kubwa ni udongo wa juu, ule mweusi wa sentimita 20 hadi 30. Ndio shamba lenyewe; ukiuzwa au ukichanganywa na moramu, hakuna samadi itakayoufidia upesi. Utolewe kwanza, ukiwa mkavu, urundikwe peke yake, mbali na njia ya lori. Udongo mwekundu wa chini yake uwe na rundo lake. Rundo la udongo mweusi lisizidi mita 2 kwenda juu, maana ndani hukosa hewa na vijidudu vyake hufa. Lipandwe mukuna au fiwi, mimea ya jamii ya kunde inayofunika udongo. Bora zaidi, chimbeni kwa vipande: udongo wa kipande cha pili uende moja kwa moja kufunika cha kwanza.

Upande wa juu chimba mtaro wa kukinga maji, upana sentimita 50, kina 40, umwage maji yake kwenye nyasi.

Wengi hurudisha udongo juu ya sakafu iliyoshindiliwa na lori. Mizizi hugonga sakafu ngumu kama mwamba, maji hutuama, mahindi huwa ya njano. Sakafu ichimbuliwe sentimita 50 kwa trekta wakati wa kiangazi, ndipo uje udongo mwekundu, kisha mweusi. Malizeni kabla ya mvua za Machi au Septemba. Kwenye kuta panda nyasi za vetiva, zenye mizizi mirefu ya kushika udongo, kwa mistari inayokata mteremko, na msimu wa kwanza sakafuni panda kunde, si mahindi.

Sehemu ya malipo ya kontrakta ibaki mikononi mwako mpaka udongo urudi, hilo liandikwe. Kabla ya yote muone afisa mazingira wa wilaya kuhusu masharti ya NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira), na uulizie leseni: Sheria ya Madini ya 2022 inagusa pia madini ya ujenzi.

SWALI: Tuna shimo la zamani la moramu. Tufuge samaki?

JIBU: Moramu huvujisha maji. Bila kushindilia tabaka la udongo wa mfinyanzi sakafuni na kutani, bwawa litakauka. Takataka nazo msizitupe humo, kwa kuwa uchafu hupita njia hiyo hiyo hadi kisimani. Wekeni uzio leo, watoto huzama. Kisha mlaze kuta kuanzia juu, kamwe msichimbe chini ya ukuta.