Kuishi botini wakati usajili wa Florida haujatoka
Ndugu, kwa kuwa umenunua boti Georgia na sasa umehamia ndani yake Florida ukisubiri usajili, usiwe na hofu: sheria ya Florida humpa mnunuzi siku 30 za kusajili, mradi uthibitisho wa tarehe ya ununuzi uwe botini muda wote. Linganisha leo herufi na tarakimu 12 za utambulisho zilizo tezini, yaani nyuma ya boti, upande wa kulia, na zile za hati ya mauzo, kwa maana kosa la herufi moja laweza kukurudisha mwanzo. Kisha, kabla hujapanga vyombo na matandiko, inua mbao za sakafu uikague ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti yanakokusanyika maji, ujaribu pampu yake kwa kuinua boya lake kwa mkono, na uzungushe kila valvu ya maji ya bahari, kwani mpira wa kupitishia maji ukipasuka huku valvu imekwama, boti huzama ikiwa imefungwa gatini.